Mvua, Nzige na Asumini: Kumpa Mtoto Jina la Maumbile

Mhadhara wa wazi



Nimeombwa nizungumzie majina ya watoto yanayotokana na maumbile: mvua, nyota, maua, wanyama, majira. Mada imekuja kwa wakati wake. Mzazi wa leo akikaribia kujifungua hushika simu, akatafuta majina, akakuta orodha ndefu yenye maana pembeni: hili ua, hili mto, hili alfajiri. Huchagua linalompendeza masikioni. Sina ugomvi na sikio, kwa sababu jina lisilotamkika ni adhabu ya maisha. Ila watu wetu wa bara na wa pwani, walipochukua jina kutoka kwenye maumbile, mara nyingi walikuwa na shughuli nyingine kabisa. Walikuwa wakitoa ushahidi. Jina lilisema: jambo hili lilitufikia sisi wa nyumba hii, na mtoto huyu alizaliwa likiwepo. Ninachokuja kutetea leo ni kwamba ushahidi huo ndio unaolipa jina la maumbile uzito wake, na kwamba bado tunaweza kuutoa, hata kama tumejifungulia kwenye wodi ya ghorofa ya tatu.

Mvua na viwavi wa Butiama

Nianze na mtu ambaye jina lake hakuna asiyelitamka. Mwalimu Nyerere alizaliwa Butiama, katika nchi ya Wazanaki, tarehe 13 Aprili 1922. Jina la kwanza alilopewa lilikuwa Mugendi, yaani mtembezi. Halikudumu. Kwa ushauri wa mganga lilibadilishwa, mtoto akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, tena mzimu wa kike. Wazazi hawakujali kwamba mtoto ni wa kiume. Mvua ndiyo iliyokuwa na neno.

Nyerere, tunalolitumia sisi, lilikuwa jina la baba yake, Mtemi Nyerere Burito. Alipozaliwa mzee huyo, viwavijeshi walikuwa wameivamia nchi, naye akaitwa kwa jina la viwavi hao. Mkulima yeyote wa mtama atawaeleza uhusiano wa mambo haya mawili. Viwavijeshi huzuka mvua za kwanza zinapoanguka, hasa baada ya ukame, wakati majani ni machanga na mtu ameshaanza kuwa na matumaini. Wakipita shambani leo, kesho unakuta vijiti. Kwa hiyo baba na mwana walibeba pande mbili za jambo moja: kinachootesha, na kinachokula kilichoota. Julius lilikuja baadaye, kwenye ubatizo wa mwaka 1943.

Hakuna orodha ya majina mazuri ambayo ingempendekezea mzazi kiwavi. Lakini ukoo ule haukuwa ukitafuta uzuri. Ulikuwa ukiweka kumbukumbu ya mwaka mgumu mahali ambapo haiwezi kupotea, yaani kwenye mdomo wa kila atakayemwita mtoto yule. Leo jina la mdudu mharibifu limeandikwa kwenye uwanja wa ndege na barabara, na hakuna anayekunja uso.

Saa, majira na mifugo

Utaratibu huo umeenea. Kwa Waluo, mtoto hubeba saa aliyozaliwa: Omondi na Amondi alfajiri, Onyango na Anyango jua likishapanda, Ochieng na Achieng jua likiwaka, Odhiambo na Adhiambo jioni, Otieno na Atieno usiku. Mvua ikiwa inanyesha, Okoth au Akoth. Herufi ya mwanzo humtenga mvulana na msichana. Tukio lenyewe ni la wote.

Wakalenjin nao wana Kiprop na Cherop wa mvua, Kipkemei wa kiangazi, Kipkoech wa mapambazuko. Lakini majina yao ninayoyapenda zaidi ni ya mifugo. Kiprotich ni aliyezaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kiprono ni aliyezaliwa mbuzi na kondoo wakirudi jioni. Hebu fikirini kinachotakiwa ili jina hilo litolewe. Mama yumo ndani na uchungu. Nje vumbi linapanda, wana-mbuzi waliofungiwa wanalia kwa kuwa wamesikia sauti za mama zao, mtoto mchungaji anapiga mluzi langoni. Mkunga anamshika mtoto mikononi na masikio yake yako kwenye zizi. Jina hilo halikutafutwa popote. Liliingia kupitia ukuta wa nyumba.

Kwa Wabukusu wa magharibi ya Kenya majina hufuata mwaka wa kilimo. Ukiwaita kwa mpangilio utapata kalenda nzima: Simiyu na Nasimiyu wa kiangazi, Wafula na Nafula wa mvua, Wanjala na Nanjala wa njaa, Wekesa na Nekesa wa mavuno. Angalieni njaa ilivyokaa. Haikukaa kwenye kiangazi, kama mtu wa mjini anavyoweza kudhani. Ilikuja baada ya mvua, wakati mahindi na wimbi vimesimama kijani kibichi shambani na ghala halina kitu, kwa sababu cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu hakijakomaa. Mtu akikuambia anaitwa Wanjala, amekufundisha somo la kilimo kwa neno moja.

Halafu kuna nzige. Wabukusu wana Wasike na Nasike, Waluo wana Obonyo na Abonyo, wote waliozaliwa nzige walipoingia. Mwishoni mwa mwaka 2019 na mwaka 2020 nzige wa jangwani waliivamia Kenya kwa wingi ambao nchi haikuwa imeuona kwa miaka 70. Vijana wengi waliwaona kwa mara ya kwanza kwenye simu zao. Lakini mwenye shangazi aitwaye Nasike alikuwa na habari hizo nyumbani siku zote, ila hakuwa amewahi kuuliza.

Wakamba wana Wambua na Syombua wa mvua, Wasukuma wana Mabula wa mvua vilevile, na sisi wasemaji wa Kiswahili tunao akina Masika na Mwanamvua. Mvua imezaa majina mengi katika nchi zetu, na sababu yake haihitaji profesa.

Jina linapokuwa urithi

Si kila mahali jina la maumbile hutokana na siku ya kuzaliwa. Kwa Wakikuyu mtoto hurithi. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Wasichana hufuata bibi zao vivyo hivyo. Nyambura, ambalo ndani yake mna mvua, linaweza kupewa mtoto aliyezaliwa kwenye ukame mkali, kwa kuwa bibi yake aliitwa hivyo. Njogu, yaani tembo, na Mbogo, yaani nyati, huenda kutoka kwa babu hadi mjukuu bila mnyama yeyote kuonekana karibu.

Mtauliza: je, ushahidi hapo umekufa? Hapana, aliyebadilika ni shahidi. Chukueni mfano wa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940, akaanzisha Harakati ya Ukanda wa Kijani mwaka 1977, na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Wangari ni jina la mmoja wa mabinti wa Gikuyu na Mumbi katika masimulizi ya asili ya Wakikuyu, na ndani yake mna chui, ngari kwa lugha yao. Katika kitabu chake cha maisha anaeleza jinsi mama yake alivyomtayarisha kwa safari za peke yake msituni: ukikutana na chui usiogope, maana wewe ni wa chui, na ninyi hamna ugomvi. Mtoto akaenda kuokota kuni bila hofu.

Pimeni kazi aliyoifanya mama yule. Jina lilikuwa la kale, limepita kwa bibi na bibi. Yeye hakulibuni. Alichofanya ni kulipeleka jina kwenye njia ile ile ambayo mtoto angepita kesho asubuhi, penye msitu wenye chui wa kweli. Urithi bila maelezo hayo ungekuwa sauti tu. Na sioni ajabu kwamba msichana aliyeambiwa kuwa ana undugu na mnyama wa msituni alikua akiutetea msitu.

Pwani: maua, lulu na nyota

Sasa tushuke pwani, maana hapa ndipo penye majina ya maua ambayo wengi wenu mlikuwa mkiyangoja. Tunao Asumini, Waridi, Rehana, Zaituni. Tunao Lulu na Marijani kutoka baharini, na Tausi kutoka kwenye ndege. Tunao Shamsa wa jua, Badru wa mwezi kamili, Hilali wa mwezi mwandamo, Zuhura na Thuraya wa nyota.

Mgeni ataona kwamba haya ni mapambo matupu, yametoka Uarabuni na Uajemi yakatua hapa. Asiharakishe. Asumini wa Mombasa au Unguja si ua la kwenye picha. Alasiri mama anachuma matumba ya asumini kabla hayajafunguka, anayatunga kwa uzi pamoja na majani ya mrehani, anaongeza mkadi, na langilangi likipatikana. Hicho ndicho kikuba. Kitabanwa kwenye nguo au kwenye nywele, na usiku asumini ikifunguka harufu itajaza chumba. Mtoto aitwaye Asumini katika nyumba hiyo amepewa jina la kitu ambacho mama yake hukishika kwa vidole. Huo nao ni ushahidi, wa furaha badala ya njaa.

Nyota vilevile. Thuraya ni jina la Kiarabu la kundi dogo la nyota ambalo wakulima wa Kiswahili huliita Kilimia, kwa kuwa kwalo walijua wakati wa kulima. Methali yao mnaijua: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Suheli, ambayo imetupa akina Suheil na Suheila, ni nyota ambayo watu wa Oman na Ghuba huingoja mwishoni mwa Agosti, kwa kuwa ikionekana alfajiri joto limeanza kulegea. Mabaharia waliijua pande zote mbili za bahari. Mtoto aitwaye Thuraya, basi, anahusika na jembe, na Suheil anahusika na majira na safari, kama wazazi wao watawaeleza.

Lakini pwani ina somo jingine, na si tamu. Katika biashara ya utumwa ya Bahari ya Hindi, wengi waliopelekwa Ghuba na kwingineko walivuliwa majina yao na kupewa mengine na mabwana zao, na mengi yalikuwa mazuri mno: Almasi, Yakuti, Feruzi, Marijani, Ambari. Mtu ambaye mama yake alimwita kwa mvua ya kijiji chake aliitwa kito. Leo majina hayo ni ya watu huru wenye heshima, wala simwambii Marijani yeyote alitupe lake. Nasema tu kwamba historia imeshatuonyesha jina zuri la maumbile likitolewa na mtu asiyejua wala kujali mtoto alizaliwa wapi. Uzuri peke yake hautoshi kuwa sababu.

Dini zinasemaje

Swali hili huulizwa kila mara, nami nitalijibu kwa kifupi. Kwa Waislamu, Mtume alibadilisha majina yenye maana mbaya. Mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, alimwita Jamila. Hakukataza majina ya viumbe kwa ujumla. Mmoja wa wapokezi wakubwa wa hadithi zake anajulikana kwa lakabu ya Abu Huraira, baba wa kipaka. Kwa Wakatoliki, wazee wetu walizoea kuambiwa kwamba bila jina la mtakatifu hakuna ubatizo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inataka tu wazazi, wasimamizi na paroko wahakikishe jina halipingani na hisia ya Kikristo. Masika hapingani na chochote.

Kwenye dirisha la msajili

Kilichobadilika zaidi kuliko dini ni karatasi. Zamani Okoth alikuwa ni yeye, na mwanawe alikuwa na jina lake mwenyewe la saa yake mwenyewe. Shule, kanisa na serikali vikataka jina la ukoo. Jina la siku moja likagandishwa. Sasa tuna familia nzima za akina Wafula ambamo nusu walizaliwa Januari kwenye vumbi, na tuna wasichana wanaoitwa Okoth na Otieno, majina ya kiume, kwa kuwa ndiyo ya baba. Mvua moja iliyonyesha miaka mingi iliyopita inaendelea kunyesha kwenye pasipoti za wajukuu.

Sililii hilo, maana serikali haiwezi kuendeshwa kwa kukumbuka mbuzi walirudi saa ngapi. Ila lina maana kwenu. Jina la ukoo limeshafungwa. Nafasi ya ushahidi iliyobaki ni jina la kwanza, na labda la pili. Msiitumie ovyo.

Tena iandikeni sawasawa. Hapa Tanzania kizazi kinapaswa kusajiliwa ndani ya siku 90. Majina ya nyota na maua yana tahajia nyingi: Thuraya, Thureya, Suraiya, Soraya, Asumini, Yasmini, Jasmine. Kadi ya kliniki ikiandikwa hivi, cheti cha kuzaliwa vile, na cheti cha shule kivingine, mtoto atakuja kuhangaika na viapo na hati za kubadili majina akiwa mtu mzima anayetafuta kazi. Mwandikieni karani kwenye kipande cha karatasi kwa herufi kubwa, na kabla ya kuondoka dirishani someni alichoandika.

Tufanyeje leo

Najua pingamizi zinazokuja, kwa hiyo nizitangulie.

La kwanza: je, turudi kuwaita watoto Njaa na Kiwavi? Hapana. Wanjala aliweza kuvaa jina lile kwa sababu watoto wengi wa msimu wake walilivaa pamoja naye, na kila aliyemwita alikuwa amelala njaa ile ile. Hapakuwa na wa kumcheka mwenziwe. Leo mtoto huyo angekuwa peke yake darasani kati ya akina Brayani na Glori. Ushahidi unahitaji watu wanaouelewa. Mzazi anayetaka kukumbuka mwaka mgumu anaweza kutumia kile kilichoumaliza: mvua iliyokuja, mavuno yaliyofuata.

La pili: sisi wa mjini tumebakiwa na maumbile gani? Mengi. Waliojifungua Dar es Salaam Desemba 2011, mafuriko yalipokata barabara na watu wakahamishwa mabondeni, hawakuhitaji kuambiwa mvua ni nini. Jiji lina joto la Februari, upepo wa kusi unaobadilisha hewa katikati ya mwaka, maembe ya Desemba, mwezi mwandamo ambao mtaa mzima huutafuta juu ya paa. Shida yetu ni kwamba hatuangalii. Baba anayesubiri nje ya wodi na atoke dakika chache aangalie angani.

La tatu: misimu imevurugika, masika huja ikichelewa au isije kabisa. Ni kweli, na hiyo ni sababu ya kuongeza majina ya majira, si ya kuyaacha. Rekodi za hali ya hewa zina tarakimu. Hazina habari ya kwamba siku ya kwanza ya mvua iliyochelewa bibi alitoa masufuria yote nje kukinga maji huku mama akibebwa kwenye bajaji kwenda hospitali. Mtoto aitwaye Mwanamvua anayo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwenu ni huu. Mkitaka jina la maumbile, anzeni na kile kilichokuwepo mtoto alipokuja, au kile ambacho nyumba yenu hukishika, hukila, hukipanda au hukingoja. Kama ni la kurithi, ulizeni kabla wazee hawajaondoka: lilianzia kwa nani, na siku hiyo kulikuwa na nini? Kama ni la lugha nyingine, haidhuru, majina yamekuwa yakivuka bahari hii kwa karne nyingi. Lakini hakikisheni mnaweza kumpeleka mtoto akakione kitu chenyewe. Mzazi wa Tabora anayempenda Lulu na ampeleke siku moja baharini, au amtafutie jina jingine. Kisha andikeni mahali tarehe, saa, hali ya hewa na nani alikuwepo, kwa sababu sisi hatuna tena mkunga wa kijiji wa kutukumbushia.

Kipimo changu ni kimoja, na mtu yeyote anaweza kukitumia bila kumuuliza mtaalamu. Jina la maumbile ambalo mzazi hawezi kumweleza mwanawe bila kushika simu, si lake. Na aliache, atafute analolijua.